Nimechaguliwa kusoma Uchumi wa Biashara, lakini duka la mama nimwachie nani?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 22, mzaliwa wa Moshi, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Baba alifariki nikiwa darasa la sita. Nilimaliza kidato cha sita mwaka juzi, mchepuo wa HGE: Historia C, Jiografia C, Uchumi B, na ile hesabu ya BAM nikaambulia S, alama ya mwisho kabla ya kufeli. Wenzangu walipoomba vyuo mwaka ule, mimi sikuomba. Mama alikuwa amelazwa kwa sukari na kidonda cha mguu, na duka letu la nafaka pale Mbuyuni lilikuwa limefungwa. Nikalifungua mwenyewe, nikijiambia ni hadi apate nafuu.

Nafuu aliipata, lakini si ya kusimama kutwa. Anakuja kama saa nne, anakaa kwenye kiti, anapokea pesa. Makuli, madereva wa Fuso wanaoshusha maharage usiku, wateja wa jumla wanaochukua mzigo kwa mali kauli, wote hao ni mimi. Wadogo zangu mmoja yuko kidato cha tatu, mwingine darasa la sita, na ada na daftari zao zinatoka hapo hapo.

Mwaka huu niliomba vyuo bila kumwambia mtu. Nimechaguliwa viwili. Kimoja ni chuo kikuu cha umma kilicho mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi, Shahada ya Uchumi wa Biashara ya miaka mitatu. Kingine ni chuo cha Arusha, Uhasibu. Natakiwa kuthibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa, na siku zinakwenda.

Mjomba wangu anafanya kazi ofisi ya fedha ya kampuni ya utalii Arusha, na ndiye aliyetushika mkono tangu baba afariki. Nilipomweleza alikasirika. Alisema, "Uchumi hauna bodi. Mhasibu ana bodi yake, ana CPA, kila ofisi ina kiti chake. Mchumi kiti chake kiko wapi?" Nikisoma Uhasibu yeye atalipa ada yote, na anasema nikimaliza "atanitafutia pa kuanzia." Nikienda kwenye Uchumi, nitegemee Bodi ya Mikopo. Mkopo nimeomba, majibu bado.

Kilichoniumiza zaidi ni mfano alioutoa. Mtoto wa baba mkubwa alisoma Uchumi chuo kikuu, akamaliza vizuri, na leo ni wakala wa fedha pale Majengo. Mjomba akasema, "Ulitaka shahada ili ukatoe pesa kwenye simu?"

Lakini Shangazi, mimi naupenda Uchumi kweli. Tangu niingie dukani nina kaunta buku ninamoandika bei ya maharage ya njano, soya, Jesca na mahindi. Naandika na sababu ninayoidhani: mvua, ada za Januari, Fuso zilizopita kuelekea Holili, mpakani na Kenya. Wakati mwingine nakisia bei ya wiki mbili mbele na inatokea hivyo. Wakati mwingine inakataa kabisa, na nakosa usingizi nikitafuta kwa nini. Nadhani nikisoma kozi hii nitakuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko mama.

Mama anasema, "Nenda mwanangu, mimi nitajua." Ila juzi nilimsikia akimuuliza jirani wa duka kama anamjua mtu wa kupangisha kibanda. Sikumuuliza kitu, na usiku ule nililia. Nikienda nitakuwa nimemuacha. Nikibaki, naogopa nitakuja kumlaumu bure. Na hesabu yenyewe, kwa S ile, nitaiweza?

Nisaidie Shangazi. Nisome Uchumi wa Biashara au niachane nao?

Njia Panda, Moshi

---

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo huo. Kwa miaka 22 umebeba duka, mgonjwa na wadogo wawili, na bado ukapata nafasi katika vyuo viwili. Sitaki tulipite hilo haraka, kwa sababu katika barua yako nzima umejieleza kama mtu anayetaka kuwatoroka wenzake. Aliyelifungua tena duka lililokuwa limefungwa si mtoro.

Umeniuliza kuhusu kozi, lakini naona umeandika kwa urefu zaidi kuhusu watu. Kuna mama ambaye hujui anachokitaka hasa. Kuna mjomba ambaye fadhila zake zina sharti. Yuko ndugu yako wa Majengo, anayetumika kama onyo bila yeye mwenyewe kuulizwa. Na uko wewe na kaunta buku lako. Nitaanza na kozi kwa sababu ndiyo uliyoiuliza, kisha nirudi kwa watu, maana nadhani huko ndiko kwenye uzito.

Umesema ukisoma Uchumi wa Biashara utakuwa mfanyabiashara mkubwa kuliko mama yako. Hapo naomba tutulie. Kozi hii haikufundishi namna ya kumdai mteja sugu, wala kumjua dereva muaminifu, wala kulitambua gunia lililolowa kabla halijafunguliwa. Hayo mama yako ndiye profesa wake. Mpangilio hutofautiana chuo kwa chuo, lakini kwa kawaida utaanza na jinsi walaji na wazalishaji wanavyofanya maamuzi, jinsi uchumi wa nchi unavyokwenda, hesabu za wachumi, takwimu, na misingi ya uhasibu. Baadaye huja fedha za kampuni, ushindani, biashara ya kimataifa, na ekonometriki, yaani kutumia takwimu kupima kama jambo moja kweli linasababisha jingine au yametokea pamoja tu.

Sasa itazame kaunta buku yako kwa jicho hilo. Machi 2021 Kenya ilisimamisha kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu tena kwa masharti ya usajili na vyeti. Mwenye duka siku ile aliuliza amebakiwa na magunia mangapi na ayauze kwa nani. Mchumi wa biashara anauliza hasara iliishia kwa nani kati ya mkulima wa Kiteto, mwenye Fuso na mwenye ghala. Anauliza pia kama vyeti vipya vinaongeza gharama kwa kila gunia, gharama hiyo hatimaye atailipa nani. Au chukua lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, kila mtu anajua, na bado mkulima anakubali kujaziwa gunia hadi lifunge kilemba. Kwa nini? Ni njaa ya pesa taslimu, ni kukosa mnunuzi mwingine, au ni umbali wa soko? Maswali haya yana namna ya kujibiwa, na kozi kama hii inafundisha namna hiyo.

Unaposema unakosa usingizi bei ikikataa makisio yako, sidhani kama hiyo ni njaa ya duka kubwa. Inaweza kuwa njaa ya kujua. Watu wa mkoa wetu wanaifahamu. Wakulima wa kahawa wa hapa Kilimanjaro walianza kujipanga mwaka 1925, na mwaka 1933 wakawa na KNCU, chama chao kikuu cha ushirika, kwa kuwa walitaka kuwa na kauli katika bei ya zao lao. Lakini anayetaka kujua na anayetaka kupanua duka wanaweza kuhitaji njia tofauti, na ni wewe tu unayeweza kujiuliza ukiwa peke yako: ungekuwa na mtaji maradufu kesho asubuhi, je, bado ungetaka kwenda darasani?

Kuhusu hesabu sitakudanganya. S ya BAM ni ishara kwamba mwaka wa kwanza utatoa jasho, hasa kwenye hesabu za wachumi na takwimu. Haisemi huwezi. Uliifanya mitihani ile katika hali ambayo hukuieleza, na tangu hapo umekuwa ukipiga hesabu za faida kwa gunia, debe na kilo kila siku, ingawa kokotozi, yaani calculus, ni jambo jingine. Kuna jaribio dogo. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa kwanza au wa pili wa kozi hiyo, muombe notsi na mitihani ya nyuma ya hesabu na takwimu, kaa nayo jioni chache. Ona kama unachanganyikiwa huku ukitaka kuendelea, au unachanganyikiwa huku ukitamani kuifunga. Hizo ni hali mbili tofauti kabisa.

Mjomba wako ana hoja, na ningependa uisikilize bila hasira zake. Ni kweli mhasibu ana Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, ana ngazi za mitihani hadi CPA, na cheti hicho kinaeleweka kwa mwajiri bila maelezo marefu. Mchumi hana bodi ya namna hiyo. Anapimwa kwa anachoweza kufanya: kuchambua takwimu, kuandika ripoti inayosomeka, kutathmini mradi. Asiyekuwa na hayo anabaki na karatasi. Kwa mtu anayetegemewa na wadogo wawili, njia yenye ngazi zinazoonekana si jambo la kudharau. Kitu ambacho mjomba hakukitaja ni kwamba CPA nayo haitolewi pamoja na shahada. Ni mitihani mingine, muda mwingine na pesa nyingine. Na mwenye shahada ya fani nyingine hafungiwi kabisa mlango wa bodi hiyo, isipokuwa huanzia ngazi ya chini zaidi kuliko aliyesoma uhasibu.

Ila hebu tuulize maswali mawili kuhusu ahadi yake. "Nitakutafutia pa kuanzia" ina maana gani? Ni nafasi ya mafunzo kwa vitendo, ni kibarua, ni ajira? Ofisi za utalii Arusha zinapanuka na kusinyaa kufuata wageni, kama tulivyoona sote mwaka 2020. Simaanishi kwamba anakuhadaa. Naona ni mtu anayekupenda na anayeogopa, na mtu wa namna hiyo huahidi kwa moyo kabla ya kupiga hesabu. La pili: ada yake inakuondolea deni, lakini je, utaweza kukaa miaka mitatu katika kozi uliyoichagua kwa sababu imelipiwa? Wako wanaoweza, tena vizuri, na wanaipenda njiani. Wako wanaoshindwa. Wewe ni yupi, mimi sijui.

Na ona jambo hili: Arusha nayo si Mbuyuni. Kwa basi unaweza kurudi kila mwisho wa juma, sawa, lakini Fuso zinazoshusha usiku wa Jumanne hazitakungoja. Kwa hiyo swali la duka lipo katika vyuo vyote viwili, na tusiliweke kwenye mzani wa Uchumi peke yake.

Ndugu yako wa Majengo amenigusa. Amekuwa mfano wa kushindwa katika mazungumzo ambayo hakuwepo. Nenda kwake. Usimuulize kama anajuta. Muulize aliomba kazi gani, alifanyia wapi mafunzo kwa vitendo, alijifunza programu gani za takwimu, na angekuwa wewe angefanya nini tofauti katika mwaka wa kwanza. Huenda atakuambia ajira ni ngumu kwa kila fani, na huo ni ukweli unaopaswa kuusikia kutoka kwa aliyeuishi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yapo, ya Mchumi Daraja la II, ya Afisa Biashara, na mengine yenye sifa za fani ya uchumi. Yasome sasa, ukiwa bado hujachagua, uone jina la kozi yako linatajwa au halitajwi. Lakini nafasi huwa chache na waombaji ni wengi mno, na atakayekuambia vinginevyo hakutakii mema.

Tuje kwenye pesa. Watu husema chuo cha umma ni rahisi. Ada ndiyo yenye nafuu, mara nyingi kati ya milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka kwa kozi kama hii. Kinacholemea ni kuishi: chumba, chakula, nauli, kuchapa kazi. Ukipata mkopo wa chakula na malazi, bumu kama mnavyoliita, kiwango kilipandishwa hadi shilingi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023, na wanafunzi wanajua kwamba majuma ya mwanzo mtu anaweza kuwa chuoni kabla pesa haijafika. Unahitaji akiba ya kuanzia, na akiba hiyo ingetoka wapi kama si kwenye mtaji wa duka? Mkopo unaweza pia kutolewa kwa sehemu tu. Hakikisha cheti cha kifo cha baba kimehakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na kimo kwenye maombi yako, na ujue kwamba kuna dirisha la rufaa kwa wasioridhika. Ukija kuajiriwa, 15% ya mshahara wako wa msingi itakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Ukianza na 700,000, hiyo ni 105,000 inayoondoka kabla hujamlipia mdogo wako chochote. Mzani wa mjomba una uzito hapa, lazima tukiri.

Sasa mama.

Umesikia akiulizia mpangaji wa kibanda, ukalia, wala hukumuuliza kitu. Umeyachukulia maneno yale kuwa ni mama anayekata tamaa kwa ajili yako. Inawezekana ni hivyo. Akina mama wetu wanaweza kutamka "nenda" huku moyo unasema kingine, na "nitajua" mara nyingi maana yake ni kwamba bado hajajua. Lakini inawezekana pia kwamba mama yako amechoka. Mguu unamsumbua, ameuza nafaka miaka mingi, na huenda kodi ya kila mwezi bila makuli wala madeni ni kitu anachokitamani na amekuwa akiona haya kukisema, kwa sababu anakuona wewe ukilipigania duka kwa nguvu zako zote. Mnaweza kuwa kila mmoja anamlindia mwenzake kitu ambacho mwenzake hakihitaji. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema hamjazungumza.

Kaeni basi, dukani kukiwa kumefungwa, wadogo wamelala. Mwambie ulimsikia. Usimuulize "niende nisiende?", kwa sababu swali hilo jibu lake unalijua. Muulize vitu vyenye majibu: kibanda kikipangishwa kodi ingetosha nini, dawa na kliniki ya sukari vinakula kiasi gani kwa mwezi, ada ya kidato cha tatu italipwa na nani, kama duka litaendelea kidogo kidogo, kwa rejareja bila mali kauli na bila mzigo wa usiku, je, msaidizi mmoja anayeaminika angetosha? Na mdogo wako wa kidato cha tatu asije akawekwa nyuma ya mizani kimyakimya kuziba pengo lako. Hilo nakusihi mlitaje kwa jina.

Nje ya vile viwili ulivyoviona kuna njia nyingine, na zina miiba yake. Kusubiri mwaka mmoja huku ukiliweka duka sawa kunawezekana, cheti chako cha kidato cha sita hakiozi. Lakini umeshasubiri, na Mbuyuni kila mwaka huwa na sababu mpya. Chuo Kikuu Huria, ambacho nacho ni cha umma, kina kituo mkoani kwetu na kingekuacha karibu na nyumbani, ila kusoma baada ya kushusha magunia kunahitaji nidhamu kubwa, na wengi huchukua muda mrefu kuliko walivyopanga. Na hapo hapo Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, chenye kozi za biashara na fedha. Sikuona ukikitaja. Uliwahi kuzisoma kozi zake? Kama kuna awamu nyingine ya maombi yenye nafasi, ni vyema kuulizia kabla hujathibitisha popote, kwa sababu ukishathibitisha, kubadili si rahisi.

Ukitoka kwa mama, mrudie mjomba, tena ana kwa ana ikiwezekana, si kwa simu. Mshukuru kwanza, maana amewashika mkono pale wengine walipojiweka pembeni. Kisha muulize swali ambalo nadhani hajawahi kuulizwa: je, msaada wake ni kwa ajili ya Uhasibu, au ni kwa ajili yako? Liseme kwa adabu, kwa maneno yako. Muoneshe kaunta buku, mueleze unachotaka kujifunza na unachokiogopa, hata ile S. Huenda akashikilia msimamo wake, na ana haki, pesa ni yake. Huenda akasema nitalipa nusu, au nitakusaidia mwaka wa kwanza tuone. Hata akikataa kabisa utakuwa umejua, na utapiga hesabu zako na Bodi ya Mikopo bila kubahatisha.

Fanya haya kabla dirisha halijafungwa, kwa kuwa ukiliacha lipite utakuwa umeamua bila kuamua. Ukishazungumza nao, niandikie umefikia wapi. Na kama mama atakubali, ningependa kusikia na upande wake.

Wako,
Shangazi